Kila Mtu Alijua Dawa ya Baridi

Avenir Kuzmich hakuwa mtu wa maneno. Maisha yake yote alikata miti msituni, na huko mtu akipiga domo shoka linapotea njia. Kapitolina, mke wake, ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba nzima. Sasa Kapitolina amelala makaburini nyuma ya kanisa, na nyumba imebaki na mtu asiyejua kuongea na paka asiyetaka.

Kapitolina alifariki Septemba, viazi vikiwa bado ardhini. Majirani wakaja kuvichimba. Baada ya hapo ikaingia baridi.

Avenir alikuwa amezaliwa katika baridi na hakuwahi kuiogopa. Lakini ile ilikuwa na lake. Ndoo ya maji mlangoni ikashika barafu. Alichoma kuni kama mwendawazimu, jiko la matofali likaunguruma asubuhi na jioni, kichwa kikatoka jasho na miguu ikafa ganzi. Alilala juu ya jiko, kwenye kitanda chake cha matofali, na viatu vya manyoya miguuni. Februari mapafu yakamshika. Rimma, binti yake, akaja kutoka mjini, akamfunga mablanketi kama furushi, akampeleka kwake ghorofa ya tano.

Huko joto lilikuwepo, tena la bure, linatoka ukutani. Ila akisimama, yuko njiani mwa mtu. Akikaa, kiti kina mwenyewe. Dirishani unaona dirisha la wenzako. Barabara zilipokauka akaomba arudishwe kijijini mara moja, akamwangalie paka. Akamwangalia paka, akabaki hapo hapo.

Rimma hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha.

"Sawa, baba," alisema. "Ila tuelewane. Nakuja Sikukuu ya Shela, nalala hapa usiku mmoja. Nikikuta baridi ile ya Februari, unapanda gari, nyumba tunatia kufuli. Na usiniletee habari za paka."

"Na kaburi la mama yako?"

"Mama haendi popote, baba. Wewe ndiye ulitaka kwenda."

Sikukuu ya Shela ya Bikira ni katikati ya Oktoba, theluji ikianza kunusa mlango. Basi kiangazi chote Avenir alikuwa na kazi moja: aipatie nyumba joto, au aiache. Na hapo ndipo karaha ilipoanza, maana hakukuwa na mtu, kijijini wala mjini, asiyejua dawa ya baridi.

Wa kwanza alikuwa mkwe wake Rodion, mume wa Rimma. Rodion alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliochosha. Mtu mbaya unamfukuza, yakaisha.

Alikuja Juni na gari limejaa vipande vya povu jeupe, lile gumu wanalofungia televisheni. Akavipanga uani mpaka kimo cha mtu. Kisha akakaa barazani, akajifuta jasho. Baraza hilo, kama sanduku refu la mbao, lilizunguka mguu wa nyumba pande zote kama mshipi, na kila mwenye neno kiangazi kile alilikalia kwanza ndipo akasema.

"Sikiliza, mzee. Tunaivalisha nyumba povu kwa nje. Juu yake plastiki safi, rangi ya maziwa. Inakuwa chupa ya chai! Unawasha kijiti kimoja, siku nzima unatembea na fulana."

"Magogo yatapumua wapi?"

"Magogo gani?"

"Ya ukuta."

Rodion akacheka, bila ubaya. "Ukuta hauna pua, mzee."

Avenir akamtazama. Zahanati ya kijiji nayo ilivalishwa povu, ikapakwa rangi, watu wakapiga makofi. Baada ya miaka michache Avenir alikuwa miongoni mwa walioitwa kuibomoa. Magogo ya msonobari yaliyosimama tangu enzi za babu yake yalikuwa yamelowa kama mkate ndani ya chai. Shoka liliingia bila sauti. Na ndani ya povu panya walikuwa wamejenga mji, wana mitaa na vichochoro. Alitaka kumweleza Rodion yote hayo. Akapima maneno yatakayohitajika, akachoka kabla hajaanza.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki nini?"

"Povu."

"Lakini nimeshalileta!"

"Nimeliona."

Rodion aliondoka amenuna. Povu likabaki uani.

Wa pili alikuwa muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi pale wilayani, dada mmoja mwenye kucha ndefu na moyo wa kusaidia. Avenir alimwambia, "Nyumba ya magogo. Baridi. Nini?" Na yule dada akafungua mdomo. Ipo sufu ya kioo, ipo sufu ya mawe, ipo ya majani ya baharini kwa watu wa mizio. Ni ya ukuta au ya dari? Kuna utando wa kuzuia mvuke? Utando utakaa ndani au nje? Ukikosea upande, babu, nyumba inatokwa jasho.

"Nipe moja," Avenir alisema.

"Moja ipi?"

"Isiyo na maneno."

Akapewa sufu ya kioo. Akapanda nayo darini, akaitandaza juu ya udongo na vumbi la mbao lililowekwa na baba yake, unene wa mkono mzima, ambao haujawahi kupitisha hata harufu. Yaani alilivika koti jingine dari lililokuwa limeshavaa koti. Akashuka akijikuna. Alijikuna shingo, akajikuna mikono, alijikuna hadi Sikukuu ya Nabii Eliya, mwanzoni mwa Agosti. Paka naye alipanda kukagua, akashuka anajikuna, na kuanzia siku hiyo akamwangalia Avenir kama mtu aliyemfanyia kusudi.

Wa tatu hakuhitaji kusafiri. Serafima, jirani, aliishi upande wa pili wa ua, na ua wenyewe ulikuwa na mapengo. Walisoma darasa moja yeye na Kapitolina, walicheza ngoma pamoja, wakagombana na kupatana miaka yote, na tangu mazishi alikuwa akija kila siku kukaa barazani, amwambie Avenir anakosea wapi.

"Kuvumwani, Kuzmich," alisema. "Nenda kinamasini, chuma kuvumwani, kausha, shindilia kwenye maungio ya magogo. Kile kitani cha dukani usikiguse, ndege wanakichomoa wajengee viota. Wewe unalala na baridi, wao wana godoro."

Hilo angalau lilikuwa neno la mtu aliyekaa nyumba ya magogo. Avenir akaenda kinamasini. Akachuma ile nyasi laini kama manyoya, akaivuta kwa mikono magoti yakiwa majini, mbu wakimla masikio. Akaikausha. Akachukua patasi ya mbao na nyundo ya mbao, akaanza kuishindilia ukuta wa kaskazini, ule unaopigwa na upepo. Alifanya kazi kwa hasira, na kazi ya hasira inakwenda haraka. Ukuta ulipokwisha, Serafima akaja, akautazama, akashika kiuno.

"Umeanza ukuta mmoja ukaumaliza peke yake?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Kuzmich, unazunguka nyumba nzima! Ungio la chini pande zote, halafu linalofuata pande zote. Ukijaza upande mmoja nyumba inanyanyua bega."

"Upuuzi."

"Nenda kafunge mlango."

Avenir akaenda kufunga mlango. Mlango ukafika njiani, ukakwama. Akausukuma kwa bega. Ukakwama zaidi. Kwa nyuma alimsikia Serafima akihangaika kutocheka, kisha akiacha kuhangaika.

"Ulikuwa unailisha kama mgonjwa anayekataa uji," alisema akifuta machozi. "Imeshiba mpaka imepinda!"

"Nenda nyumbani, Serafima."

"Naenda. Mimi kwangu mlango unafungwa."

Agosti yote iliyobaki alizunguka kuta nyingine tatu, na bega likawa halinyanyuki, la kwake, si la nyumba. Mlango ulisogea kidogo. Haukufungika sawasawa tena.

Wakati huo kuku wa Serafima waligundua povu la Rodion. Kuku wanapenda povu jeupe kuliko nafaka, sababu waulizwe wenyewe. Walipita mapengo ya ua, wakalidonoa kutwa, na upepo ukachukua zile punje nyeupe ukazisambaza kijijini. Zikakaa kwenye kabichi. Zikakaa kwenye nguo zilizoanikwa. Watu walipita wakimuuliza Avenir kama kwake theluji imeshaanza.

"Kuku wako wanakula nyumba ya mkwe wangu," alimwambia Serafima.

"Nao mayai yao yakielea kwenye sufuria nakuletea uyale wewe."

Septemba ikaja. Wakafanya kumbukumbu ya mwaka wa Kapitolina, wakala chapati za maji na uji wa matunda, wakasema alikuwa mtu mzuri, wakaenda zao. Usiku ule umande uligeuka barafu kwa mara ya kwanza. Asubuhi Avenir alishuka kutoka juu ya jiko, akakanyaga sakafu, akasimama pale pale.

Baridi ilikuwa ile ile. Ilimshika nyayo, ikapanda vifundoni, ikakaa magotini kama mgeni anayejua chumba chake. Dari limevaa makoti mawili, kuta zimeshiba kuvumwani, na sakafu ni kaburi.

Rimma akapiga simu siku hiyo hiyo. Ana pua ya mama yake.

"Vipi joto, baba?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Karibu na jiko."

"Na mbali na jiko?"

Avenir akasema mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa unasumbua.

Jioni Serafima akaja barazani kama kawaida. Hakukuwa na utani safari hii, na bila utani alikuwa mbaya zaidi.

"Kuzmich, nikuambie? Hiyo ni baridi ya mgane. Aliyekuwa akiipasha nyumba hayupo. Hakuna cha kushindilia pale."

Damu ikamchemka. Si kwa sababu aliona ni uongo. Mwaka mzima alikuwa akilikimbia wazo hilo hilo, na sasa mwanamke huyu amelikalisha barazani kwake, limekaa kama mtu. Alizoea kumsemesha Kapitolina mara moja moja, na kila mara kwa ukali, kama zamani. Usiku huo alimwambia, "Ungeniachia hata joto la miguu, we mwanamke." Kisha akaona haya mbele ya paka.

Hakugusa tena patasi. Siku zikapita, na Rimma hakubadili nia. Alipiga simu kuuliza koti la baba yake la mjini liko kabati gani.

Siku moja kabla ya sikukuu Serafima akaja akipiga mayowe tangu uani. Kuku wake mwenye madoa amepotea. Ni povu lile! Amekula amevimba amekufa mahali, na mwenye makosa ni Avenir na ukoo wake wote. Avenir alikuwa amekaa barazani akimenya kitunguu, kisu mkononi. Hakunyanyua macho.

"Kaa," alisema. "Utapata kiharusi."

Serafima akakaa kwa kishindo. Na chini ya makalio yake, ndani ya baraza, kuku akalia.

Wakatazamana.

Kuku akalia tena, kwa kero, kama mtu aliyeamshwa.

"Yuko humu," alisema Serafima.

"Hawezi. Humu mmejaa."

"Basi amejaa humo! Fungua!"

Avenir alileta shoka, akaingiza ncha kati ya mbao za juu za baraza, akazing'oa. Kuku mwenye madoa alikuwa amejikunja pembeni juu ya kitanda cha punje za povu, ana mayai yake, anawaangalia vibaya. Alikuwa ameingilia kitundu cha chini, kile cha kupitisha hewa.

Lakini Avenir hakuwa anamtazama kuku. Alikuwa anatazama baraza. Halikuwa na kitu. Kutoka kona hadi kona, chini ya dirisha, mpaka linapokunja kuzunguka nyumba: hewa tupu, utando wa buibui, na gogo la chini kabisa likiwa na umande ulioganda kivulini. Upepo uliingia tundu moja ukatokea jingine, na katikati hapo ukapita chini ya sakafu yake bila kubisha hodi.

"Kuzmich," alisema Serafima polepole. "Makapi yako wapi?"

"Makapi gani?"

"Ya kitani, yale mabua yaliyopondwa! Kapitolina alikuwa akilijaza hili baraza kila vuli mpaka juu. Masika, theluji ikishayeyuka, anayatoa, gogo likauke. Ndiyo maana nyumba yenu haijaoza. Wewe ulidhani humu mna nini?"

Avenir alidhani humu mna kile kilichokuwemo siku zote. Baraza la mama yake, kwenye nyumba ya zamani, lilijazwa udongo, likakaa hivyo hadi lilipoanguka. Vuli yeye alikuwa msituni, na masika alikuwa mtoni akisafirisha magogo. Alipostaafu, vuli ilikuwa ya kuni. Kuni zake, nyumba ya Kapitolina. Alipokuwa anarudi na mzigo wake, baraza lilikuwa limeshafunikwa, na mkewe amekaa juu yake anamenya kitunguu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba ni tupu!"

"Nitajuaje ni tupu? Nilikuwa nimelikalia!" Serafima alikuwa anapiga kelele sasa. "Mwaka mzima nimelikalia! Mkwe wako amelikalia! Mtu gani mwenye akili anaacha baraza tupu akaenda kununua sufu ya kioo?"

Avenir akainama, akaingiza mkono pembeni. Palibaki makapi kidogo ya mwaka wa nyuma, makavu, mepesi, yanachoma ncha za vidole. Yamekaa humo majira yote na hayakushika hata unyevu. Kando yake kulikuwa na koleo la mbao, lile fupi, mpini umelainishwa na mkono mmoja. Kapitolina alilihifadhi humo masika, tayari kwa vuli.

Alilishika. Akakaa nalo.

Alikuwa na hasira. Alikuwa na hasira na povu, na yule dada wa kucha, na kinamasi, na mlango. Na Kapitolina zaidi ya wote, aliyeondoka na kazi hii kana kwamba inajifanya yenyewe. Serafima, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alinyamaza.

"Kuna majani ya miti," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Yamelowa mvua."

"Vumbi la mbao, kule kiwandani."

"Linanywa maji kama mlevi." Avenir alisugua makapi kiganjani, akayapuliza. "Haya. Yanapatikana wapi?"

"Dari la ghala la zamani la kitani. Kapitolina alikuwa anatoa huko, na mimi pia. Kwa panya unachanganya majivu." Serafima akasimama, akamchukua kuku kwapani. "Usiniangalie. Leta mkokoteni, kabla sijakumbuka umeniudhi."

Walifanya kazi kutwa. Yeye anajaza magunia darini, Avenir anavuta. Serafima alimtukana kila safari: magunia hayajajaa, mkokoteni unalia, majivu kidogo, sasa majivu mengi. Avenir hakujibu, na kwake hilo lilikuwa karibu na furaha. Alijaza kwa lile koleo fupi, upande kwa upande, mkono wake mkubwa ukikosa nafasi kwenye mpini. Giza lilipoingia mbao za juu zilikuwa zimerudi.

"Mbao mbili za povu zimebaki nzima," alisema Serafima. "Ziweke kwenye banda la kuku."

"Si watazila?"

"Basi zitakuwa chakula, si nyumba. Bora tujue."

Asubuhi ya sikukuu Avenir alikanda unga wa chapati za maji. Kapitolina siku hiyo alikuwa akimega chapati ya kwanza vipande vinne, kila kona ya nyumba kipande, akiomba kona zishike joto mpaka masika. Avenir alikuwa akimcheka. Chapati yake ya kwanza ilishika kikaangoni, ikatoka nyeusi upande mmoja na mbichi upande mwingine. Akaimega hivyo hivyo. Akapiga magoti kona ya kwanza, kona ya pili, kona ya tatu, na ya nne, chini ya picha takatifu. Alijisikia mjinga kila mahali. Chini ya picha takatifu akaweka kiganja sakafuni bila kufikiri. Upepo haukuja.

Rimma na Rodion walifika mchana. Rodion alikuwa na maboksi matupu ya kufungashia, akayaweka mlangoni kwa adabu, uso pembeni.

"Mzee, povu langu liko wapi?"

"Limeliwa."

Rodion alicheka, kisha akaona Avenir hacheki.

Wakala. Rimma hakuvua koti mara moja. Alizunguka nyumba, akagusa kuta, akaangalia dari, akajikuna shingo. Alijaribu kufunga mlango, ukakwama, akamgeukia baba yake.

"Na huu?"

"Usiniulize."

Walilala. Nje theluji ya kwanza ilishuka kweli, nyembamba.

Avenir aliamka kabla yao, akatia kuni, akakaa benchi karibu na jiko, mikono magotini. Hakuna alichoweza kufanya tena. Rimma alitoka nyuma ya pazia nywele zimesimama, nusu ya usingizi bado usoni. Akavuka chumba mpaka kwenye birika, akalitikisa, akamimina maji, akarudi dirishani kutazama theluji. Alisimama hapo kitambo. Halafu akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake. Ilikuwa mitupu juu ya mbao.

"Baba, viatu vyangu nimeviacha wapi?"

"Mlangoni."

Hakwenda kuvichukua. Alikunja vidole vya miguu, akavikunjua, kama alivyofanya akiwa mdogo.

"Umeweka nini?" aliuliza.

"Makapi."

"Makapi tu?"

"Alikuwa anaweka mama yako."

Rodion naye alitoka nyuma ya pazia, amevaa soksi mbili mbili na sweta, akasimama katikati ya chumba, akaanza kutoa jasho.

"Aisee," alisema. "Lakini fikirieni, tungeongeza na povu..."

"Rodion," alisema Rimma, "yapeleke hayo maboksi garini."

Walipoondoka Serafima alikuja, akafagia theluji barazani kwa mkono, akakaa. Aliuliza kama masika Avenir atakumbuka kutoa makapi, au atamwachia gogo lioze. Avenir alikuwa ameshapiga msumari pembeni mwa mlango, na juu yake ametundika koleo fupi la mbao, pale ambapo mtu akihangaika na ule mlango usiofungika hawezi kukosa kuliona.